Kuku wa Wazee Wetu Katika Mji wa Mawe

Mgeni afikaye Goma kwa mara ya kwanza hushangaa kuona kuku wakichakura mahali pasipo na udongo. Chini ni mawe meusi, makali, yaliyomiminika kutoka mlima Nyiragongo. Moto wa mlima huo ulishuka tarehe 10 Januari 1977, ukashuka tena tarehe 17 Januari 2002 na kuupasua mji katikati hata ukafika ziwani, na mara nyingine tena tarehe 22 Mei 2021. Kila mara watu walirudi, wakajenga juu ya mawe yale yale; na nyuma ya nyumba, ndani ya ua wa mawe, mama akafungua kikapu na kumtoa kuku wake.

Juu ya kuku huyo twapenda kuzungumza leo. Hatusemi juu ya kuku mweupe wa kizungu aletwaye ndani ya sanduku la katoni akiwa na umri wa siku moja, bali juu ya kuku wa wazee wetu, ambaye wengine humwita kuku wa bure kwa kuwa hakununuliwa popote.

Kwanza tuseme kwamba kuku wetu si wa namna moja. Ndugu zetu wa Tanzania wana majina mazuri ya kuwapambanua: kishingo ni yule asiye na manyoya shingoni; nungunungu, au kidimu, ni yule ambaye manyoya yake yamepindika kuelekea nje; bukini hana mkia; na kuchi ni yule mrefu, mwenye miguu mirefu na kiburi cha askari. Uchi wa shingo huletwa na chembe moja tu ya urithi, nayo yatosha itoke kwa mzazi mmoja. Katika nchi za joto kali kuku kishingo hupumua vizuri kuliko wenzake. Hapa kwetu, kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambapo usiku watu hujifunika blanketi, sifa hiyo si kitu kikubwa. Walakini mwenye kuishi Goma ana jamaa zake kwenye mabonde ya joto, na kuku husafiri pamoja na watu.

Kusafiri huko ndiko kulikotufanya tuandike. Mama mmoja tumfahamuye, mwenyeji wa upande wa Rutshuru, alizikimbia vita akafika katika kambi moja kando ya mji. Nyumbani aliacha kuku kumi na wanne. Mmoja alimbeba, naye akachinjwa juma la pili, maana watoto walikuwa na njaa. Baadaye shirika moja likawagawia akina mama kuku wekundu wa kisasa, watano kwa kila mmoja. Walitaga kweli! Lakini chakula cha gunia kilipokwisha, wakaacha kutaga. Wawili wakafa, na waliobaki wakauzwa. Mama akatuuliza, “Wanangu, ni kuku gani huyu asiyejua kulalia mayai yake?”

Swali lake lina jibu, wala hatupendi kumdharau kuku wa kisasa. Kuku wa mayai aliyetunzwa vema aweza kutaga mayai karibu 300 kwa mwaka, na kuku wetu wa kienyeji hutaga 40 mpaka 60 tu. Lakini ili apatikane mtagaji wa namna ile, wataalamu walichagua miaka mingi kuku wasiopenda kuatamia, kwa sababu kuku akiatamia huacha kutaga. Tena yeye ni mtoto wa koo mbili au zaidi zilizochanganywa kwa hesabu. Ukizalisha watoto wake, hawafanani naye. Basi, kila mwaka mfugaji hana budi kurudi kwa muuza vifaranga, na barabara ikifungwa, ufugaji nao umefungwa. Watu wa Goma wanalijua jambo hilo, maana kwa miaka mingi mayai mengi wanayokula yamevushwa mpakani kutoka Rwanda na Uganda.

Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23 waliutwaa mji, na katika mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka zikaachwa tupu. Watu waliorudi vijijini walikuta mabanda matupu. Kuku aliyekwisha kuliwa hatoi mbegu. Ng’ombe wakipungua huko Masisi, kila mtu husikitika. Kuku wakitoweka kijiji kizima, nani huandika?

Lakini tusiwatwike askari lawama zote, kwa maana tunao uharibifu wetu wenyewe, nao ni wa siku za amani. Noeli ikikaribia, mwenye kuku humtazama jogoo wake mkubwa kuliko wote, mwenye kifua kipana, akasema, “Huyu atanipa bei.” Naye humpeleka sokoni. Nani abaki na matemba? Yule pora mwembamba ambaye hakuna aliyemtaka. Mwaka ujao yeye ndiye baba wa vifaranga wote, na mwaka wa tatu atawapanda binti zake mwenyewe. Kisha twalalamika kwamba kuku wa kienyeji ni wadogo!

Dawa yake haidai fedha nyingi. Umchague jogoo mapema, ungali humhitaji kumuuza, umfunge kitambaa mguuni ili watoto wajue kwamba huyu hauzwi. Jogoo mmoja awatosha matetea kumi. Baada ya mwaka umbadilishe kwa jogoo wa jirani asiye wa ukoo mmoja na wako. Mayai ya kulaliwa yatoke kwa koo hodari wa kulea, yasipite siku kumi, yakae penye baridi, ncha ikiwa chini. Siku ya saba uyamulike usiku kwa tochi. Lisiloonyesha mishipa ya damu uliondoe. Chakula ni pumba za mahindi, mabaki ya bugali, na vumbi la sambaza. Samaki hao wadogo si wenyeji wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo hulisha watu na kuku pia.

Ugonjwa wa kideri, ambao Wazungu waliuita kwa jina la mji wa Newcastle ulipotambuliwa mwaka 1926, hauna tiba. Ukiingia mahali pasipochanjwa waweza kuwamaliza karibu kuku wote. Ipo chanjo iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji kama vyetu, kwa sababu huvumilia joto kiasi. Tone moja jichoni, na kurudia kila miezi mitatu au minne. Chupa moja hutosha kuku wengi sana; kwa hiyo yafaa majirani wanunue pamoja na kuchanja siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ufugaji vya nchi nyingine havilitaji, nalo ni mazuku. Hewa hiyo mbaya hutoka ardhini, hasa upande wa magharibi wa mji, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hukusanyika mabondeni usiku, upepo unapotulia. Kuku, ambaye kichwa chake ki karibu na ardhi, hufa kabla ya mbuzi, na mbuzi kabla ya mtu. Usijenge banda shimoni, hata kama shimo hilo lakinga upepo. Uliinue juu ya miguu ya miti, nalo litamkinga kuku na kicheche pia.

Huko Ethiopia wataalamu walimchukua kuku wa kienyeji aitwaye Horro, wakachagua kizazi baada ya kizazi wale wanaotaga na kukua vizuri zaidi, bila kuileta damu ya ng’ambo. Wakaongeza mayai na uzito, na kuku akabaki Horro. Kazi hiyo ilianza kwa kupima na kuandika, jambo ambalo mwanafunzi yeyote mwenye daftari aweza kulifanya nyumbani kwao.

Mama yule amerudi kwao. Alitembea katika masoko matatu akitafuta koo wa kienyeji, akampata wa rangi ya majivu, mwenye umri, kwa bei iliyomfanya muuzaji mwenyewe acheke. Tulipomwacha, koo huyo alikuwa akilalia mayai kumi na moja yaliyotiwa alama ya mkaa, siku ya kumi na sita. Majirani wawili wamekwisha kuomba pora, naye amewajibu kwamba wangoje kwanza yaanguliwe.