Raha za Wawili: Kutoka Makambako Hadi Manda

Mara ya mwisho wewe na mwenza wako mlitoka kwenda mahali pasipo na televisheni ni lini? Sizungumzii harusi ya binamu, kipaimara wala msiba wa kijijini. Nazungumzia kutoka ninyi wawili tu, kwa sababu mmeamua kutoka.

Nikiwauliza marafiki zangu walioko Nyanda za Juu Kusini, jibu ni lile lile: "Ninyi wa Dar mna fukwe, sisi huku twende wapi? Huku ni baa na nyama choma, basi." Wenye uwezo wanajibana miezi sita waende Zanzibar siku tatu. Wasio nao wanasema tutatoka tukipata hela. Na hela, si unajua tena, ikija inakuta ada ya mtoto imekaa mlangoni.

Mimi jambo hili linanihusu moja kwa moja. Mume wangu anafanya kazi Makambako, mimi niko Dar es Salaam, katikati yetu kuna zaidi ya kilometa 600 za lami. Tunaonana wikiendi moja kwa mwezi. Najua tuko wengi: mwalimu yuko Ludewa, mke yuko benki Morogoro, nesi yuko Makete, mume yuko Tunduma. Ukiishi hivyo, wikiendi ni mtaji. Ukiitumia kufua, kulala na kuangalia mpira, Jumapili unapanda basi ukiwa hujazungumza na mwenzako kitu zaidi ya kodi na gesi.

Mwaka jana mwenzangu aliletewa mkataba mpya wa miaka mitatu. Kwenye simu tulijaribu kuuongelea mara nne, na mara zote nne tuliishia "tutaongea". Tukaamua kuchukua likizo ya siku nne, tuzime data, tuteremke hadi Manda, kwenye Ziwa Nyasa. Njiani tungeona yale ambayo watu wa huku wanayapita kila siku. Haya ndiyo niliyoyakuta, na wewe unaweza kuyafanya kwa mkupuo au kipande kipande.

Makambako: shuka kwenye basi

Wengi wanaijua Makambako kwa dirisha la basi. Ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya inapita hapa, na hapa ndipo inapochepuka ile ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita. Imejengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia.

Cha kufanya? Amkeni mapema, kunyweni supu ya moto na chapati, kisha tembeeni kwa miguu hadi stesheni. Hakuna kiingilio. Upepo wa Makambako utawafanya mshikane mikono hata kama jana mlinuniana. Mwenzangu anasema kwa mwaka mzima alikuwa anaisikia stesheni ile bila kuiona. Tulikaa pale nusu saa tukisimuliana safari za treni za utotoni, na hiyo ilikuwa stori yetu ya kwanza isiyohusu bili.

Njombe: maporomoko mlangoni

Kutoka Makambako hadi Njombe ni kama kilometa 60 tu. Mji uko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Usihangaike kununua koti Dar. Ingia sokoni Njombe, mitumba ya masweta na makoti imejaa, na kumchagulia mwenzako sweta ni raha yake. Mimi nilichaguliwa la zambarau. We acha tu.

Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, na makao yake makuu yana kitu ambacho miji mingi mikubwa ingekilipia: maporomoko ya maji ya Luhuji, pembeni kabisa mwa mji, unayafikia kwa miguu. Nendeni saa kumi jioni jua likiwa limelegea. Bebeni parachichi, mkate na chai ya chupa. Pikiniki imekamilika, na hamjamaliza hata hela ya kreti moja la bia.

Siku inayofuata kuna mashamba ya chai upande wa Kibena na Luponde, na misitu ya miwati ya TANWAT, kampuni iliyoanza shughuli zake mwaka 1949. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia, haya ni maeneo ya kazi. Kama ni majira ya mvua, kuna ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mianzi. Ukiwa mbichi ni mtamu kama juisi, ukilala, unauma. Anayeendesha gari asiuguse.

Kwa wanaopenda mambo ya kale, kuna Nyumba Nitu, msitu na pango ambalo jina lake kwa Kibena maana yake ni nyumba nyeusi. Wazee husimulia kwamba watu walijificha humo wakati wa vita, na kwamba kuna ng'ombe weusi wanaoonekana na kutoweka. Mahali pale panaheshimiwa. Nendeni na mwenyeji, salimieni kwanza, na kamera itoke baada ya kuruhusiwa.

Pale Luhuji mwenzangu, ambaye shuleni alikuwa mtu wa jiografia, alinipa somo. Maji haya, alisema, yanakwenda mto Kilombero, yanaingia Rufiji, yanamwagika Bahari ya Hindi. Lakini mvua inayonyesha upande wa pili wa nyanda hizi inaingia mto Ruhuhu, inateremka Ziwa Nyasa, inatoka kwa mto Shire, inaingia Zambezi, nayo inaishia Bahari ya Hindi. "Yanaachana hapa, yanakutana baharini," akasema. Nikamjibu sisi hatuna muda wa kuisubiri bahari. Tukacheka, lakini wote wawili tulijua nimesema nini.

Kitulo: zawadi ya Februari

Safari hiyo hatukupita Kitulo, maana tulikuwa tumeshakwenda wikiendi moja ya Februari, na naiweka hapa kwa sababu usipoiona utakuwa umejinyima. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, na kati ya hizo okidi peke yake ni aina 45. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua.

Kilichosukuma uamuzi huo ni biashara. Viazi vya okidi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kama uchimbaji ungeendelea, leo tungekuwa tunaoneshana picha tu.

Maua yanachanua kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo msiende Agosti mkalalamika. Njia mbili: Njombe hadi Makete kwa lami kisha kupanda, au kutoka Makambako kufuata barabara ya Mbeya hadi Chimala, halafu kupanda Matamba kwa ile barabara yenye kona 57, na ndiyo maana watu wanaiita Hamsini na Saba. Mwanamke mwenzangu, kama unataka kujua mumeo ana subira kiasi gani, mpe usukani pale.

Kushuka Manda

Sasa Manda yenyewe. Barabara inaanzia Itoni, karibu na mjini Njombe, inapita Ludewa hadi ziwani, kilometa 211. Kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilometa 50, kimejengwa kwa zege kwa sababu ya milima na ukungu. Sehemu nyingine jiandaeni kwa vumbi au tope, kulingana na majira. Msiifuate kwa gari dogo la chini wakati wa masika.

Mtu wa baridi ya Njombe akishuka Manda anavua sweta njiani. Ziwa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, yaani mnateremka karibu mita 1,500 kwa siku moja. Masikio yanaziba, miembe inaanza kuonekana, na ghafla maji yale, bluu hadi mwisho wa macho. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, lina kina cha takriban mita 700, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kama lenyewe.

Manda ni bandari ya zamani. Wajerumani waliiita Wiedhafen. Karibu yake mto Ruhuhu unaingia ziwani. Msitegemee hoteli ya nyota tano wala muziki wa usiku kucha. Mtapata gesti ya kawaida, ugali wa muhogo, na samaki aina ya mbasa aliyetoka majini asubuhi ile ile. Mtatembea ufukweni, mtaangalia mitumbwi ikirudi, na jioni mtakaa mkitazama jua likizama ng'ambo, upande wa Malawi. Ukibahatika kukutana na vyungu vya akina mama wa Kikisi, wafinyanzi mashuhuri wa pwani hii, nunua. Vinadumu kuliko maua ya Valentine.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Jina la Manda linafahamika kwa wataalamu wa viumbe wa kale duniani. Katika miaka ya 1930, Francis Rex Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa kwenye miamba ya bonde la Ruhuhu inayoitwa kwa jina la Manda. Baadhi ya mifupa hiyo ilikaa makumbusho kwa miongo mingi, hadi mwishoni mwa mwaka 2012 wataalamu walipoitangaza kwa jina la Nyasasaurus parringtoni. Aliishi takriban miaka milioni 243 iliyopita, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote waliowahi kupatikana. Ndugu yao mwingine wa karibu, aliyetangazwa mwaka 2010, anaitwa Asilisaurus kongwe. Ndiyo, asili na kongwe, Kiswahili chetu kabisa. Pale kijijini hakuna makumbusho ya kuonesha hayo, na mkikuta mfupa kwenye jiwe msiubebe, ni mali ya taifa. Lakini jaribu kumsimulia mwenzako habari hii mkiwa mmekaa juu ya mchanga ule ule, halafu uone kama atashika simu.

Tulichoongea

Jioni ya pili tuliufungua mkataba. Bila mtandao, bila jirani, bila kuangalia saa ya basi. Mwenzangu alisema anaogopa kuacha kazi nzuri na kuja Dar kutafuta upya. Mimi nilisema naogopa mtoto wetu amzoee baba wa kwenye simu. Hakuna aliyekuwa na makosa, na ndiyo maana kwenye simu tulikuwa hatufiki: tulikuwa tunatafuta nani mwenye kosa.

Aliporudi aliomba mwaka mmoja badala ya mitatu, na akakubaliwa. Mwaka huo ukiisha tutakaa tena tuamue. Sitakudanganya kwamba ziwa lilitumalizia kila kitu. Kodi iko pale pale, basi la Jumapili liko pale pale. Ila sasa kila tunapoonana tunatoka angalau nusu siku, hata kama ni hadi Luhuji tu na parachichi zetu, na yale magumu tunayaongelea huko.

Kabla hujafunga begi

Panga bajeti pamoja na mwenzako, si kumshtukiza. Mmoja akilipia nauli, mwingine alipie chakula, hakuna aibu.

Beba nguo za hali mbili: sweta kwa Njombe na Kitulo, nguo nyepesi kwa Manda. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima ziwani.

Kabla ya kuoga ziwani au karibu na mto, uliza wenyeji. Ruhuhu ina mamba, na kichocho nacho kipo sehemu za ziwa. Mwenyeji anajua pa kuingia.

Toa hela taslimu Njombe au Ludewa mjini. Kwa Kitulo, ulizia utaratibu wa malipo ya hifadhi kabla ya kufika getini.

Salimia. Huku shikamoo inafungua mlango kuliko hela.

Mwisho, simu. Kubalianeni saa moja ya kupiga picha na kuwajulisha nyumbani, baada ya hapo zikae begini. Kama siku nne ni nyingi, anzeni na jioni moja Luhuji. Mtumie mwenzako meseji sasa hivi, muulize Jumamosi ipi yuko huru. Akijibu "tutaongea", mwambie ndiyo, ndicho tunachokwenda kufanya.