Soda si Dawa ya Kuharisha

Mama mmoja wa Makutupora alimleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Alikuwa anaharisha siku ya pili. "Nimempa soda, Sista, tena nimeitoa gesi kwanza." Chupa mbili! Fedha ya mboga ilikwisha na kuharisha kukazidi.

Wazazi wapenzi, vinywaji vya gesi havifanani. Gesi yenyewe ni hewa ya ukaa. Nyingine huvunwa ardhini huko Busokelo, mkoani Mbeya. Ikishindiliwa katika maji huleta ukali ulimini na mbweu, basi. Maji ya gesi yasiyo na sukari hayamdhuru mtu mzima mwenye afya, ila mwenye kiungulia atajuta.

Toniki nayo wengine huinywa wakidhani inatibu malaria, kwa kuwa ina kwinini. Nchini Marekani sheria hairuhusu izidi miligramu 83 katika lita moja. Dozi ya kwinini ya mtu mzima ni miligramu 600, mara tatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya lita saba kwa dozi moja tu!

Soda tamu ndiyo yenye hatari kwa mtoto anayeharisha. Lita moja ina sukari ipatayo gramu 100. Lita ya maji ya ORS ina gramu 13.5 tu, pamoja na chumvi ambazo mtoto amezipoteza. Sukari ikizidi, huvuta maji ya mwili na kuyaingiza katika utumbo, naye huharisha zaidi. Kutoa gesi hakupunguzi sukari hata chembe.

Koroga paketi nzima ya ORS katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Hata maji ya visima vyetu, yanayopelekwa hadi Dodoma mjini, yachemshe. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Yakipita saa 24, yamwage. Huna paketi? Tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usiache kunyonyesha. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akitapika kila kitu, akilegea au akitoa damu, usingoje kesho.

Yule mtoto tulimnywesha kwa kijiko tangu asubuhi. Saa kumi jioni alikojoa, akalowanisha kanga ya mama yake, na mama akacheka.