Damu kwenye nepi si sababu ya kumwachisha mtoto ziwa

Mtoto wa wiki sita anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kutoa choo chenye michirizi ya damu na ute huku hana homa, anachangamka, na uzito wake unapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki. Nyumbani wataambiana ni chango. Kwenye duka la dawa watampa antibiotiki. Jirani naye atamshauri mama aache kunyonyesha kwa kuwa maziwa yake yana kasoro. Kwa mtoto wa namna hiyo, ushauri wote huo kwa kawaida hukosea, na ule wa jirani ndio wenye madhara makubwa zaidi.

Kinachotokea mara nyingi ni proktokolaitisi ya mzio, yaani puru na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kuvimba kwa sababu ya protini ya chakula. Mama akinywa maziwa ya ng'ombe, chembe za protini zake hupita hadi kwenye maziwa ya ziwa. Kinga ya mtoto, ambayo bado inajifunza kukitambua chakula, huzipokea kama adui; seli za kinga ziitwazo eosinofili hukusanyika kwenye ukuta wa utumbo, na utando wa ndani huvuja damu kidogo. Soya, mayai na ngano vinaweza kuleta hali hiyohiyo, ila maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayoongoza. Sasa tazama mama anavyoruka majivu na kukanyaga moto anapohamia maziwa ya kopo: mengi hutengenezwa kwa maziwa hayohayo ya ng'ombe, kwa hiyo mtoto hupata protini ileile kwa wingi zaidi. Maziwa ya mbuzi hayasaidii, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Kuchemsha huua vijidudu, hakuiondoi protini. Wapo pia wanaokimbilia mtindi wakidhani tatizo ni laktosi, lakini laktosi ni sukari, na mzio huu hauhusiani nayo.

Hakuna kipimo cha maabara kinachothibitisha ugonjwa huu. Vipimo vya mzio vya damu na vya kuchoma ngozi hutafuta kingamwili za aina ya IgE, ambazo hapa hazihusiki, kwa hiyo majibu huwa hasi hata kama mtoto anaumwa kweli. Kipimo ni chakula chenyewe: mama aache maziwa na vyote vilivyotokana nayo kwa wiki mbili hadi nne, kisha ayarudie. Damu ikikoma, kisha ikirejea baada ya kurudia, jibu limepatikana. Hatua ya kurudia ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ushahidi unaonyesha hasara yake. Mwaka 2006 watafiti wa Finland waliwafuatilia watoto wachanga 40 waliotokwa damu njia ya haja kubwa. Waliothibitika kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe walikuwa asilimia 18 tu, na kwa wengi damu iliisha yenyewe. Utafiti wa Israel wa 2012 ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 0.16 ya watoto, ilhali ule wa Massachusetts, Marekani, wa 2020, uliotegemea utambuzi wa madaktari bila kulazimisha jaribio la kurudia, ulifikia asilimia 17. Kwa maoni yangu, tofauti kubwa kiasi hicho inatokana zaidi na namna ya kupima kuliko na maziwa.

Msomaji anaweza kupinga kwamba huku kwetu damu kwenye choo ni kuhara damu, na kusubiri ni kucheza na maisha. Pingamizi hilo lina uzito. Bakteria wa Shigella wanaua watoto, na mtoto anayeharisha damu akiwa na homa anahitaji matibabu siku hiyohiyo. Ndiyo maana kila mtoto mchanga mwenye damu kwenye choo lazima aonwe na mhudumu wa afya kwanza, kabla ya mtu yeyote kutamka neno mzio. Akitapika kijani, tumbo likijaa, akilia kwa vipindi na kulegea, akikataa kunyonya, akipauka, au ikiwa ni njiti, apelekwe hospitali mara moja: huenda utumbo umejiingiza ndani ya utumbo mwenzake, au damu haigandi kwa kukosa vitamini K. Wakati mwingine sababu ni ndogo tu, kama mchaniko wa njia ya haja kubwa, au damu ya chuchu iliyopasuka ambayo mtoto ameimeza. Kwa mtoto aliyevuka miaka miwili, mzio wa maziwa usiwe wazo la kwanza. Kuna amiba, kichocho cha tumbo, vinyama vya utumbo, na kolaitisi ya vidonda inayohitaji bingwa.

Wengine watasema kumnyima maziwa mama anayenyonyesha ni kumdhoofisha. Ni kweli, iwapo atanyimwa bila kufidiwa, na tena akikatazwa mayai, karanga na samaki kwa mkupuo mmoja. Aache kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kalsiamu aipate kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao au kwa vidonge. Mtoto asiyenyonya kabisa huhitaji maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, nayo ni ghali na adimu, sababu nyingine ya kulilinda ziwa la mama. Wengi wa watoto hawa huyavumilia maziwa kufikia mwaka mmoja. Kwa hiyo mama akiambiwa aache maziwa, aulize palepale, kabla hajatoka chumba cha daktari, ni tarehe gani atayarudia.