Pensheni ya mvuvi iko wapi?

Safari ya karibuni ilinifikisha kwenye gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, mahali zinapoondokea boti za kwenda Mafia. Nilimkuta mzee mmoja wa delta ya Rufiji akishona wavu wake chini ya kivuli. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza kama amekwisha kustaafu. Akacheka. "Mwanangu, mimi atanistaafisha nani? Bahari hainijui jina." Nikauliza tena, je, kuna chochote anachopata kila mwezi? "Kipo. Nina kijana wangu yuko Mbagala, hunitumia kwa simu."

Basi hiyo ndiyo pensheni ya mvuvi: kijana wa Mbagala. Na huenda kijana huyo ni wewe unayesoma gazeti hili ndani ya daladala.

Tuanze na wenye mishahara. Mfanyakazi wa Tanzania Bara hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Kila mwezi asilimia 20 ya mshahara hupelekwa kwenye mfuko, sehemu ikikatwa kwake na sehemu ikilipwa na mwajiri. Walio katika sekta binafsi wako NSSF, iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 1997 kutoka katika ule mfuko wa akiba wa mwaka 1964. Watumishi wa umma wako PSSSF, iliyoundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Ule mjadala mkali wa kikokotoo uliozuka mwaka huo ulikuwa wa watu hao. Mvuvi wa Nyamisati hakuwa na cha kukokotoa.

Lakini ipo hesabu moja ambayo wengi huisahau. Ili ulipwe pensheni ya kila mwezi, kwa kawaida hapana budi uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 katika 60, unabaki na 45. Anayeanza kuchangia akiwa na miaka 50 amechelewa. Atarudishiwa fedha kwa mkupuo, nao mkupuo una tabia ya kuyeyuka. Mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu, alinunua basi dogo kuukuu kwa mafao yake. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yameuzwa. Hakuwa mlevi wala mpumbavu. Alikuwa mwalimu aliyeingia biashara asiyoijua akiwa na miaka 60.

Sasa turudi Kibiti. Wazee wa huko hawakuwa wajinga wa mambo haya. Kijana alipooa, alipanda minazi na mikorosho. Mnazi mrefu wa pwani huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi hadi minane, kisha huendelea kwa miongo kadhaa. Anayepanda akiwa na miaka 25 huangua nazi akiwa mzee asiyeweza tena kuvuta wavu. Hiyo ilikuwa pensheni kamili, bila fomu wala foleni.

Ubaya wake ni kwamba mfuko huo nao huugua. Maradhi ya minazi yameua mashamba mengi katika pwani yetu. Na mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yaliingia mashambani na majumbani, Rufiji na Kibiti. Aliyeweka uzee wake wote bondeni aliuona ukielea. Kwa hiyo miti ni mizuri, lakini isiwe peke yake.

Vipo vikoba pia, na katika eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa vilisaidiwa sana na mradi wa hifadhi ya bahari wa WWF. Vimewapa akina mama mtaji wa kununulia samaki na kulipia ada za shule. Hata hivyo, kikoba huvunjwa na kugawanwa, mara nyingi kila mwaka. Ni bwawa la msimu, halihifadhi maji ya miaka 30. Mwenye busara, siku ya mgao, huchukua fungu moja na kulipeleka mahali ambapo hataligusa. NSSF hupokea hata wasioajiriwa, wavuvi na wakulima wakiwemo, na wapo wanaonunua vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005.

Je, kila umri una wajibu gani? Kijana wa miaka 25 hana fedha, ila ana muda. Akiweka shilingi 1,000 kila siku hadi miaka 60, atakuwa ameweka shilingi 12,775,000, bila kuhesabu faida. Anayeanza akiwa na miaka 45 ataweka 5,475,000 tu. Tofauti hiyo haikuletwa na mshahara. Imeletwa na kalenda.

Mwenye miaka 40 na kitu, kama mimi, yuko pabaya zaidi. Mkono mmoja unalipa ada ya mtoto, wa pili unamtumia mzee kijijini, na hana mkono wa tatu. Huyu na aende wiki hii kuuliza michango yake imefika miezi mingapi, maana wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Naye anayekaribia 60 asifanye biashara yoyote kwa mafao yake kabla ya kukaa miezi sita akitafakari.

Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, zikapandishwa kuwa 50,000 mwaka 2023. Si nyingi, lakini mzee hamwombi mtu. Bara hatuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee.

Nilipoaga Nyamisati, yule mzee aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Na huyo kijana wangu wa Mbagala, yeye atatumiwa na nani?"

Mwulize mwanao leo jioni. Akikaa kimya, anza kuweka.