Homa na Mupira

Mama, mutoto wako alishikwa na mafua na homa. Leo anakuambia: «Mama, nimepona, naenda kucheza mupira.» Angalia vizuri mbele ya kumuruhusu.

Virusi vikiingia, mwili unapigana navyo. Homa ni alama ya vita ile. Akikimbia sana na homa, moyo wake unabeba kazi mbili. Tena, pengine virusi vinashika nyama ya moyo yenyewe. Hii haitokei mara nyingi, lakini inaweza kuua.

Basi, ufanye hivi:

1. Homa iko? Hapana kucheza. Apumzike na kunywa maji mengi.

2. Homa imekwisha siku nzima bila dawa, na anakula vizuri? Atembee kwanza, kisha akimbie kidogo kidogo.

3. Kifua kinauma, pumzi inakatika, ao anazimia? Aache muchezo. Umulete hospitali mara moja.

Wamama wengine wanasema: «Chanjo inamaliza nguvu ya muchezaji.» Sivyo. Mukono unaweza kuuma, na homa kidogo inaweza kuja. Nyuma ya chanjo ya surua inaweza kukawia juma moja hivi. Apumzike mpaka iishe, halafu arudi uwanjani.

Lakini surua yenyewe inaharibu kinga ya mwili kwa miezi mingi. Kuhara na ugonjwa wa mapafu vinafuata. Katika mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 5 000 hapa Congo, wengi wao watoto wadogo.

Kwa hiyo, siku ya chanjo ikifika, umulete, hata kama kuna mupira siku ile.