Vijiti Vilivyofungiwa Kabatini

Mtoto wa darasa la pili akijumlisha 27 na 15 akaandika 312, si kwamba amefanya uzembe. Amejumlisha 7 na 5 akapata 12, akaiandika yote. Amejumlisha 2 na 1 akapata 3, akaitanguliza. Hesabu zote mbili ni sahihi. Alichokosa ni kujua kwamba ile 2 ya kwenye 27 ni ishirini, na kwamba nafasi ya mamoja haipokei zaidi ya tisa. Mwambie "andika mbili, weka moja kichwani" hata mara hamsini: atakariri, na mkifika kwenye kutoa atapotea tena.

Sasa mpe vijiti na raba bendi. Apange mabunda mawili ya kumikumi na vijiti saba, na chini yake bunda moja na vijiti vitano. Akikusanya vile vya mojamoja anapata kumi na viwili. Mwalimu anauliza: je, vinatosha kufunga bunda? Mtoto anahesabu kumi, anazungusha raba bendi, analisogeza bunda jipya kwa wenzake. Mabunda manne, vijiti viwili. Ile "moja ya kichwani" ameifunga kwa mikono yake. Kesho atachora mabunda hayo kwenye daftari, na baadaye ataandika tarakimu bila kuchora chochote. Mfuatano huo wa kutenda, kuchora, kisha kuandika alama unatokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner katika miaka ya 1960. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Rome mwaka 1907, naye alifundisha makumi na mamoja kwa shanga.

Kwa hiyo mfadhili anayetaka kununulia shule zana za kushika, awe benki, kanisa au wahitimu waliosoma hapo zamani, amelenga penye uhitaji. Chukua darasa la watoto 80, ambalo si geni katika shule zetu za serikali. Wagawe wanne wanne: unapata makundi 20. Kila kundi likipewa vijiti mia, darasa linahitaji vijiti 2,000 na raba bendi 200, na hapo tunazungumzia mada moja ya somo moja. Wapo wanaosema mwalimu mbunifu hahitaji mfadhili kwa sababu vizibo vya soda na mbegu vimejaa mtaani. Vizibo vimejaa, kweli. Lakini kuviokota, kuviosha na kuvihesabu ni kazi ya jioni nyingi ambazo hakuna anayemlipa mwalimu, na siwezi kumlaumu anayeamua kutumia jioni hizo kusahihisha madaftari.

Ugumu unaanza zana zikishafika. Nchini Sierra Leone watafiti Shwetlena Sabarwal, David Evans na Anastasia Marshak walifuatilia mpango wa serikali wa kugawa vitabu vya kiada, na mwaka 2014 wakaeleza walichokiona: ufaulu haukupanda, kwa sababu shule ziliweka stoo sehemu kubwa ya vitabu badala ya kuwapa watoto. Walimu wakuu hawakuwa na uhakika kama mwaka unaofuata vingekuja vingine, wakaona heri waweke akiba.

Ukisoma hivyo unaweza kuwaita wachoyo. Mimi nawaelewa. Mwalimu mkuu husaini hati ya kupokea, vitu vinaandikwa kwenye leja, na siku mkaguzi akija atataka kuviona vikiwa kamili. Hakuna atakayemuuliza watoto wangapi wamevishika. Boksi ambalo halijafunguliwa halimletei hoja ya ukaguzi, ila boksi lililopungukiwa vijiti 40 linamletea. Na mfadhili aliyekuja mara moja, akapiga picha na kuondoka, amemthibitishia kwamba hiki kilicholetwa ndicho hicho hicho, hakitarudiwa.

Hata zana ikitoka kabatini, haijifundishi yenyewe. Magharibi mwa Kenya, huko Busia na Teso, Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walilinganisha shule 178, nusu yake zikiwa zimepewa mabango kitita ya sayansi, afya na hisabati. Alama za mitihani hazikutofautiana. Mabango, bila shaka, ni ya kutazama, hayashikwi, kwa hiyo sitaki kulibebesha jaribio hilo zaidi ya linachoweza kubeba.

Ushahidi unaonigusa zaidi ni wa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au kuhesabu, nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Isaac Mbiti na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2019: ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Ilipoambatana na bonasi, watoto walijifunza zaidi, kuliko hata ukijumlisha mchango wa kila kimoja kikiwa peke yake. Fedha za vifaa zilizaa matunda pale mwalimu alipokuwa na sababu ya kuvitumia.

Bonasi si njia pekee ya kumpa mwalimu sababu hiyo, na kwa mfadhili mdogo huenda isiwezekane. Analoweza ni kugawa bajeti yake upya. Kama ana fedha za kujaza shule kumi vifaa kwa siku moja, achukue shule tatu na azifikie kila muhula kwa miaka mitatu. Vijiti na kadi za herufi vitengenezwe na seremala na mchapaji wa palepale wilayani, ili kinachovunjika Machi kipatikane Aprili. Sehemu ya fedha imlipie nauli mwalimu mzoefu wa darasa la pili kutoka shule jirani, aje akae darasani, afundishe kipindi cha mabunda mwenzake akiangalia, kisha wabadilishane.

Na kwenye mkataba na shule iandikwe wazi kwamba zana hizi ni za kutumika mpaka ziishe. Mwalimu mkuu aweke nakala ya mkataba huo pamoja na leja yake, amwonyeshe mkaguzi. Fomu ya taarifa ya muhula iwe na safu ya vilivyovunjika na vilivyopotea. Shule ikiandika kwamba raba bendi zimekatika zote na vijiti 300 havionekani, ipelekewe vingine kabla ya kufungua. Shule itakayoandika sifuri ndiyo ya kutembelewa kwanza.