Je, Wajua? Wekundu wa mvinyo umo kwenye ganda

Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, ilhali ya Ulaya huvunwa mara moja tu. Ukiwa na mzabibu uani, jua hili: karibu zabibu zote nyeusi zina mchuzi usio na rangi. Wekundu wa mvinyo hutoka kwenye maganda, ndiyo maana zabibu zikishapondwa, maganda huachwa ndani ya mchuzi kwa siku kadhaa.

Hamira hula sukari iliyomo kwenye mchuzi huo na kutoa kilevi na gesi ya kaboni dioksidi. Takriban gramu 17 za sukari katika lita moja huleta asilimia 1 ya kilevi. Mchuzi unapochachuka, usikaze kifuniko: gesi ikikosa njia, chupa hupasuka.